Kata na Usikate

Tarehe 9 Machi

Babu yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee mke mwenzangu huko jikoni. Mwambie nimemwachia mume kwa muda tu, asijisahau. Mimi mzima. Mama naye mzima kule kwake, ila presha yake inapanda kila mwenye nyumba anapopita dirishani, na ikishuka anasema ni dawa. Chumba nilichopanga kiko chini ya ngazi. Jirani wa juu akitoka asubuhi najua amevaa viatu gani na kama ameamka vizuri.

Sasa la muhimu: kazi nimepata. Ni katika ofisi ya mfuko unaochangisha fedha za utafiti wa saratani za watoto, ndani ya hospitali ya watoto, ghorofa moja na wodi yao. Na kazi yenyewe, shika kiti, ni kuandika barua! Anayetoa noti na anayetoa sarafu, kila mmoja anaandikiwa barua ya shukrani kwa jina lake. Damu ya posta imenifuata mpaka huku.

Mchango wenyewe unakwenda maabara. Nilidhani wanapika dawa mle, kumbe wana swali linalowakosesha raha. Watoto wawili wana uvimbe wa aina moja, wanapewa dawa ileile, mmoja anapona, mwingine hapana. Kwa nini? Wanakata kakipande ka uvimbe, wanakachungulia na kukapima mpaka kaseme. Wakijua, mtoto anayehitaji dawa kali atapewa kali, na anayetosheka na nyepesi hatasumbuliwa bure.

Kila mfanyakazi mpya anatakiwa alete mchango kutoka kwao. Mhasibu wetu alinyoa ndevu zake hadharani, na kila aliyetaka kuona kidevu chake alichangia. Watu walitoa sana, kumbe kidevu kilikuwa kinasubiriwa. Basi nikayakumbuka masharubu yako, yale ambayo yakitokeza kwenye kona watu wanajua Babu yuko njiani anakuja.

Ni wazo tu. Usinijie juu.

Mke wako mdogo


Tarehe 30 Machi

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imechoka kuliko mimi. Stempu umeibandika imeinama kama mlevi. Mimi nimefanya kazi posta mpaka nikaagwa kwa saa ya ukutani, na sikuwahi kumpelekea mtu barua yenye stempu ya namna hiyo bila kumwomba radhi mlangoni.

Huku tu wazima. Goti la Bibi yako linatabiri mvua na mara nyingi linakosea. Ile simu mliyoniletea nimempa yeye, anaitumia kumulika chini ya kitanda. Mwalimu, jirani yetu mstaafu, bado ananifunga drafti pale kibandani kwa Kinyozi, na akinifunga ananisahihisha kana kwamba nilikuwa mtihani.

Kazi yako imenifurahisha. Umeandika mambo ya maabara nikayaelewa, wakati daktari wa hapa hata mafua ananieleza nisielewe. Nimeweka noti ndani ya bahasha hii. Ni mchango wangu na wa Bibi yako. Mwambie mkuu wako kwetu tumetoa.

Kuhusu hilo wazo lako: omba jino. Omba saa yangu ya ukutani. Omba hata kofia yangu ya kazi, nitaifikiria. Masharubu, hapana. Si utani, na usiulize sababu, maana sitakujibu.

Bibi yako alipoisoma barua yako alicheka mahali fulani, halafu akanyamaza mahali fulani. Ameinuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa jikoni.

Babu


Tarehe 22 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Nimebandika stempu kwa rula. Naomba ukaguzi.

Noti yenu imefika na kwa sheria yetu nimewaandikia barua rasmi ya shukrani, iko humu ndani. Usicheke palipoandikwa "Mheshimiwa". Ndivyo tunavyowaandikia wote, mpaka yule mtoto aliyetuletea vifuniko vya soda akidhani ni fedha.

Habari ya masharubu nimeikunja nimeiweka. Sitauliza tena. Nimemwandikia Kinyozi barua fupi, lakini ni salamu tu, kwa sababu alikuwa ananinyoa kipara nikiwa mdogo na ni vibaya kusahau watu.

Sasa nikupe ya huku. Mlango wa ofisi yetu unatazama korido ya wodi. Kuna mtoto wa kike ana uvimbe kwenye figo, naye ni mmoja wa wale wanaofuatiliwa kwenye utafiti. Anapanda juu ya magurudumu ya ule mti wa kutundikia dripu, anausukuma kwa mguu mmoja, anapiga honi kwa mdomo. Manesi wanamwita Dereva. Jana aligonga meza yangu, akashuka kukagua kama nimeumia, akanitoza faini kwa kuegesha kiti vibaya.

Nywele zake zimeanza kunyonyoka. Alizishika kiganjani akaniuliza, "Zikitoka zinakwenda wapi?" Nikasema sijui. Akaniangalia kama mtu aliyepoteza muda wake. Babu, wewe una jibu la kila kitu. Ungemwambia nini?

Nilimwuliza Mama swali hilohilo. Akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mjukuu wako


Tarehe 16 Mei

Wewe,

Leo huna marahaba. Salamu tu! Salamu zako zimenifikia na wembe kooni.

Sikiliza ulichokifanya. Jumamosi nimekwenda kwa Kinyozi kunyoa kidevu kama kawaida yangu. Amenilaza kwenye kiti, amenipaka povu mpaka karibu na macho, ameushusha wembe hapa kwenye koromeo, ndipo akapaza sauti kama yuko mnadani: "Jamani! Babu naye anawachangia watoto wenye saratani kwa masharubu yake. Naweka makopo mawili. Hili ni Kata, hili ni Usikate. Mwisho wa Septemba tunapima kwenye mizani, kopo zito ndilo limeshinda, na fedha yote, ya huku na ya huku, inakwenda kwenye utafiti. Babu, unakubali au unakataa?"

Mke wangu, mwenye wembe kooni hatikisi kichwa. Hata kumeza mate anafikiria mara mbili. Nikanyamaza.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Kanyamaza, kakubali."

Kibanda kizima kikashangilia. Mwalimu, aliyekuwa anasubiri zamu, akaenda moja kwa moja akatumbukiza sarafu kwenye Kata, halafu akanigeukia na kunikumbusha kwamba mwenzako akinyolewa, chako tia maji.

Niliponawa povu nikatoa noti kubwa, mbichi, nikaitia kwenye Usikate kwa madaha ili wote waone. Wakacheka mpaka Kinyozi akakaa chini. Kumbe noti haina uzito. Kwenye mizani, noti yangu kubwa na pumzi ya Mwalimu ni kitu kimoja. Tangu siku hiyo mtaa mzima unawinda sarafu. Ukienda dukani hupewi chenji, unapewa pipi, kwa sababu chenji yote iko kwenye masharubu yangu.

Bibi yako nimemwona akipita pale kibandani na kitambaa kimefungwa fundo. Nilipomwuliza akasema alikwenda kuulizia sabuni. Kwa kinyozi! Huyu mwanamke hajawahi kuniambia maneno mazuri kuhusu masharubu haya tangu yalipoota, na sasa amepata kopo lake.

Hili swali la huyo mtoto wako, mimi ni mtu wa posta, si daktari. Mwulize daktari.

Babu


Tarehe 11 Juni

Mheshimiwa Babu,

Shikamoo yako hii hapa, ipokee au iache mlangoni.

Kinyozi ni mtu mzima na ana akili zake. Sijui chochote kuhusu makopo. Ila ametutumia mchango wa mwanzo, noti tu, sarafu amezibakiza kwa ajili ya mizani, ameandika kwenye karatasi kwamba umetoka kwa Kata na kwa Usikate, na mwenzangu wa meza ya pili, ambaye hana mzaha hata akikanyagwa, ameandika barua mbili rasmi. Moja kwa Bwana Kata, kumshukuru kwa moyo wake. Moja kwa Familia ya Usikate, kuwatakia baraka. Kwa heshima ya posta naomba zifikishwe.

Kusema kweli, Babu, huku ofisini mnazungumzwa. Mkuu wetu anauliza kila Jumatatu, "Masharubu yanaendeleaje?" Mtu wa maabara naye amekuja mwenyewe kwenye meza yangu kusema kwamba vifaa vya vipimo vya watoto kadhaa vitanunuliwa kwa fedha ya mtaa wenu. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo. Nilitembea hadi nyumbani bila kuona njia.

Dereva ana kipara kabisa sasa. Akivalishwa kofia anaivua, anasema dereva anahitaji hewa. Ameniuliza tena zile nywele zimekwenda wapi. Nimemwambia nimemwandikia mtu mmoja na nasubiri jibu. Kila asubuhi anauliza, "Barua imekuja?" Umeniweka pabaya, Babu.

Mjukuu wako


Tarehe 3 Julai

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Barua za Bwana Kata na Familia ya Usikate nimezifikisha kwa mkono wangu, nikiwa nimevaa kofia ya kazi. Kinyozi amezibandika kwenye kioo, sasa mtu akinyolewa anasoma shukrani badala ya kuona anavyoharibiwa kichwa.

Vita nyumbani vimeanza. Chai haina sukari. Nilipouliza nikaambiwa sukari imepanda bei. Nilipokwenda dukani kuuliza bei, haijapanda. Bibi yako ananiadhibu ili nichoke na kukubali mwenyewe. Nami nakunywa chai chungu huku nasema "ahaa, tamu", na tunaangaliana.

Wiki iliyopita nilijibanza nyuma ya pipa la takataka mkabala na kibanda ili nimwone anatumbukiza kopo lipi. Alipofika tu, Mwalimu akaniona mimi, akanisalimia kwa sauti ya paredi: "Shikamoo Babu, umepoteza nini kwenye takataka?" Yeye na mimi tumezaliwa mwaka mmoja, hiyo shikamoo ni matusi. Bibi yako akageuka, akaficha kitambaa.

Wanaochomeka vijiti kwenye makopo kupima kimo cha sarafu wanasema Kata limejaa zaidi. Vijana wote wako Kata. Wanataka kuniona mdomo wa juu. Mimi nimesema hadharani kwamba masharubu haya si ya kuchezewa, lakini nikiulizwa kwa nini, nasema ni yangu. Na hilo, mke wangu, ni uongo mdogo.

Babu


Tarehe 19 Julai

Babu,

Shikamoo. Leo sina utani.

Dereva ana homa kali, kinga yake imeshuka, wamemweka chumba cha peke yake na tunamwona kwenye kioo tu. Ule mti wa dripu umesimama kando ya kitanda na hakuna anayeusukuma. Alipoinua kichwa kuniona alitikisa mkono kama mtu anayeuliza kitu. Najua anauliza nini.

Jioni nimepita kwa Mama nikamwambia yote. Amelia, Babu. Sijawahi kumwona akilia namna hiyo. Amesema neno moja tu: "Mwulize Babu yako masharubu yalianza lini."

Nakuuliza. Uliandika kwamba si yako. Ni ya nani?


Tarehe 27 Julai

Mjukuu wangu,

Barua hii nimeilipia iende haraka. Soma, kisha nenda kwa huyo mtoto.

Mama yako alikuwa na mdogo wake. Wewe umeambiwa alikufa kwa homa. Hakufa kwa homa. Tulimwita Kinda, kwa sababu mdomo wake ulikuwa wazi muda wote, ama anakula ama anauliza. Tumbo lilianza kujaa upande mmoja. Watu wakasema minyoo, na sisi tukampa dawa ya minyoo. Tulipofika hospitali kubwa wakasema ni uvimbe kwenye figo. Ni uleule wa Dereva wako. Nilipousoma kwenye barua yako ya Aprili niliikunja, nikatoka nje kufagia uwanja ambao Bibi yako alikuwa amekwisha kuufagia.

Siku hizo dawa ilikuwepo, lakini daktari mwenyewe alituambia, kwa uungwana, kwamba hajui kama ni nyingi mno au kidogo mno kwa mtoto huyu. Anakadiria. Ndiyo maana niliuelewa upesi utafiti wenu.

Nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Asubuhi moja Kinda akazikusanya mkononi akaniuliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale. Mimi nilikuwa nimevaa sare naondoka kazini. Wakati huo nilikuwa nanyoa kila kitu, mdomo wa juu mtupu. Nikamwambia, "Hazipotei. Zinahama. Zako zinahamia kwangu, nitakutunzia hapa chini ya pua, ambapo mwizi hawezi kuzichukua bila mimi kujua. Ukipona uje uzichukue."

Alikubali papo hapo, kwa sababu alijua baba yake ni mtu wa posta na hajapoteza mzigo wa mtu. Kila asubuhi akawa ananikagua. Zilipoanza kuonekana alicheka mpaka akakohoa. Siku moja aligomba sana kwa kuwa nilikunywa chai nikazilowesha.

Hakuja kuzichukua.

Pale posta tulikuwa na rafu ya mizigo ambayo wenyewe hawajatokea. Wenzangu muda ukipita waliirudisha ilikotoka au waliitupa. Mimi sikuweza. Nilikuwa naipangusa vumbi tu. Bibi yako hakuwahi kuyapenda masharubu haya kwa sababu kila akinitazama anamwona mtoto, na hakuwahi kuniambia niyanyoe kwa sababu hiyohiyo. Hatujalizungumza hili tangu siku ile. Leo nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Amesema niongeze kwamba Kinda alikuwa anapenda maganda ya mkate. Nimeongeza.

Sasa mpe Dereva jibu. Mwambie nywele hazipotei, zinahamia kwa mtu mzima anayeaminika. Zake ziko kwangu. Masharubu yangu yana pande mbili. Kulia kuna mwenyewe. Kushoto nimempa yeye. Apone aje achukue mzigo wake.

Babu


Tarehe 24 Agosti

Babu yangu,

Shikamoo, na mara hii nimeisema kwa kupiga magoti kweli, chini ya ngazi, jirani wa juu akadhani nimepoteza ufunguo.

Homa imeshuka. Barua yako ilifika homa ikiwa bado juu. Nilimwomba nesi anisogeze karibu na kioo, nikaisoma kwa sauti kubwa sehemu inayomhusu. Kesho yake, mama yake akanitafuta: mtoto hajakubali mpaka aone picha ya huyo mtu anayeaminika. Nikawaonyesha ile uliyopigwa ukiagwa kazini. Akaichunguza, akagusa upande wa kushoto kwa kidole, akauliza, "Anazichana?" Nikasema kila siku. Akasema, "Sawa."

Jana amerudi barabarani. Amegonga mhasibu.

Babu, makopo yale yaondolewe. Kama ningejua! Zile salamu nilizompelekea Kinyozi, niseme tu, zilikuwa ndefu kidogo. Nimemwandikia tena kumwomba asimamishe. Amenijibu kwamba Septemba ni Septemba, na kinyozi hajinyoi, na neno lake pia halivunji. Kata likishinda itakuwaje? Mzigo wa Kinda je?

Na Dereva amekuchorea picha. Ni wewe. Pua umepewa ndogo, masharubu yametoka nje ya karatasi pande zote mbili.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Oktoba

Mke wangu mdogo,

Marahaba, na kaa chini usome polepole.

Mizani iliazimwa kwa muuza misumari. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine hawakujua kinachopimwa, walisimama kwa sababu wengine wamesimama. Mimi nilivaa kofia ya kazi. Nilikuwa nimeamua: Kata likishinda, nitavunja ahadi ya kinyozi mbele ya umma, niitwe mwongo mpaka kaburini, lakini mzigo wa mtoto sitautoa.

Kata likawekwa. Mshale ukapanda, vijana wakapiga miluzi, Mwalimu akakohoa kwa furaha. Likashushwa. Usikate likawekwa, na Kinyozi alilinyanyua kwa mikono miwili akiguna. Mshale ukapita pale ulipoishia Kata, ukaendelea kama haujui breki.

Kinyozi akalimimina kwenye meza. Sarafu tupu, zile ndogo nzito ambazo hata ombaomba anazirudisha. Na katikati ya sarafu, kitambaa cha Bibi yako chenye fundo.

Chai chungu, mke wangu! Miezi yote ile fedha ya sukari ilikuwa inabadilishwa kuwa sarafu na kutiwa kwenye Usikate. Nami najibanza kwenye takataka kumpeleleza! Nilimtafuta kwa macho, nikamwona amesimama nyuma kabisa anaangalia juu kama anayekagua bati la jirani. Nilikwenda nikamshika mkono mbele ya watu. Hatujafanya hivyo tangu ujana. Mwalimu alisema "Ehe!" na nilimwacha aseme.

Naye Mwalimu nimemkuta na lake. Kinyozi ameniambia pembeni kwamba sarafu moja alikuwa anaitia Kata kwa kelele, na akirudi kuchukua miwani aliyoisahau, kila siku anaisahau, anatia mbili Usikate. Nilipomkabili akasema, "Kinda alikuwa darasani kwangu. Ulidhani mimi nimemsahau?" Kisha akanifunga drafti.

Fedha ya makopo yote Kinyozi anaituma leo. Andika barua zako vizuri. Na leo nimekunywa chai yenye sukari.

Babu


Tarehe 15 Januari

Babu yangu,

Shikamoo, wewe na mke mwenzangu aliyetuzidi akili sote. Mama amekuja kukaa nami wiki nzima na amenihadithia habari za Kinda kila jioni. Kumbe alikuwa anaficha maganda ya mkate chini ya godoro.

Madaktari hapa ni waoga wa maneno. Hawasemi "amepona". Wanasema Dereva amemaliza dawa, picha zinaonyesha pasafi, na watamfuatilia kwa miaka. Na mtu wa maabara amesema kipimo cha kale kakipande ndicho kilichowaonyesha kwamba alihitaji dawa kali tangu mwanzo. Wangempa nyepesi, pengine tungekuwa tunazungumza mengine.

Amekuja jana kuaga. Nywele zimeota, fupi, zimesimama. Amepaki mbele ya meza yangu, na sasa hana mti wa dripu, amepaki miguu tu. Akasema, "Nimekuja kuchukua mzigo wangu."

Nimwambie nini?


Tarehe 3 Februari

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Swali gani hilo? Mwenyewe amekuja, kitambulisho anacho kichwani. Mzigo unatolewa.

Jumamosi nimelala kwenye kiti cha Kinyozi, mara hii nimezungumza mapema kabla ya wembe. "Kata," nimesema, "kushoto tu." Akafikiri nimechanganyikiwa. Nikamweleza yote, na watu wote kibandani wakasikia, habari ya Kinda na ya Dereva. Aliufuta wembe mara tatu, mpaka Mwalimu akamshika kiwiko. Bibi yako alikinga karatasi asidondoshe hata unywele mmoja. Mzigo nimeufungasha mwenyewe, nimefunga kamba kwa fundo letu la zamani la kazi, nimetuma kwa rejista. Hakikisha anatia sahihi, hata kama ni mchoro wa gari.

Sasa natembea na nusu sharubu. Kulia mtu mzima mwenye heshima, kushoto yai. Mbwa wa jirani alinibwekea upande mmoja tu. Bibi yako alicheka mpaka goti likapona. Kinyozi, asiyepoteza nafasi, ameweka kopo la tatu, ameliandika Umecheka: anayenicheka analipa. Bibi yako amekuwa wa kwanza kulipa. Nimeanza kupita njia ya sokoni kwa makusudi.

Wananiuliza kwa nini nisinyoe na huku, niwe sawa. Nawaambia huku mwenyewe hajaja, na mimi sijafunga dirisha la posta.

Lakini kushoto kumeanza kuota tena, nimepagusa leo asubuhi panachoma. Kwa hiyo mtoto mwingine akisimama mbele ya meza yako na nywele zake mkononi, usiseme hujui. Mwambie kwa Babu nafasi ipo.

Babu